Mkwe wa Jumamosi

Fundi Springi alikuwa na watoto watatu na mkwe mmoja, na lau angeapishwa aseme kweli, angekiri kwamba mkwe ndiye aliyekuwa akija kumwona. Wanawe wawili wa kiume walikwenda mbali kutafuta maisha, wakayapata, nayo maisha yakawakalia shingoni. Simu zao zilikuja kwa nadra, na zikija zilikuwa na haraka. Wa tatu alikuwa binti, kitindamimba wao, na ingawa alikuwa mtu mzima mwenye kazi yake na funguo zake, nyumbani bado walimwita Kitinda.

Mkwe alikuwa mume wa Kitinda. Tuseme alikuwa mumewe, maana siku tunazozisimulia talaka ilikwisha pita, na Kitinda ameolewa na mtu mwingine, mwuza vigae, mtu mpole asiye na neno na mtu. Hata hivyo, kila Jumamosi alasiri yule mkwe wa zamani alitokea mlangoni kwa Fundi Springi, buti zina udongo wa viwanja alivyoshinda akivipima, akavua kofia na kusema, "Shikamoo Baba. Umeshajiandaa kulia?"

"Marahaba. Leo utalia wewe."

Mkwe hakulia hata siku moja. Watu wa mtaani walimwita Mpima kwa sababu ya kazi yake, na walikuwa wakimtania mzee: "Fundi, yule ulimwoza binti au ulimwoza ubao?"

Ubao wenyewe ulikuwa wa sataranji. Fundi Springi aliujulia mchezo hospitali, mguu umening'inizwa kwa kamba baada ya kuanguka kutoka kwenye lori la mbao. Jirani yake wa kitanda, mwalimu mstaafu aliyechoka kuhesabu mapanga ya feni, alimfundisha ili apate mtu wa kumfunga. Fundi alitoka pale na mguu uliopona na ugonjwa mpya usio na dawa. Alikuwa mchezaji wa hivi hivi tu. Alicheza kama wanavyokula pilipili walafi: kwa pupa, kisha majuto. Malkia wake alitoka nje mapema kuliko kuku, na kama kuku, mara nyingi hakurudi.

Walichezea karakana, chumba cha mbele cha nyumba, kilichofungukia barabarani. Makochi yaliyochunwa yalisimama humo mbavu nje, springi zimechomoza, yakingoja sponji na kitambaa kipya. Jumamosi Fundi alifunga kazi mapema, akafagia vipande vya sponji na misumari midogo, akaweka ubao juu ya stuli. Mpima hakuwa na kiti chake maalumu. Alikalia kazi iliyokuwapo. Wiki moja alikaa kwenye kochi la kifahari la mwenye duka, wiki nyingine kwenye kiti cha saluni kilichopasuka mgongo.

Siku alipokuja mara ya kwanza, akiwa bado mchumba tu, amenyoa vizuri na amebana magoti kama mtahiniwa, aliuona ule ubao umekaa juu ya kabati na vumbi lake. Akauliza nani anacheza. Mzee hakungoja kuulizwa mara ya pili. Chai haijapoa, Mpima akawa amemfunga. Wakapanga kete tena, akamfunga tena. Mke wa Fundi Springi alimfinya binti yake jikoni mpaka akaruka.

"Mchumba gani huyu? Anakuja kuomba mke anamfunga baba mtu? Hana hata chembe ya adabu!"

Fundi alisikia, akacheka kwa sauti. "Mwacheni. Mtu asiyenidanganya kwenye ubao hatamdanganya mwanangu. Mwozeni."

Akaozwa. Na kwa kweli hakumdanganya mtu. Mpima alilelewa na shangazi ambaye naye alikwisha fariki, hakumjua baba wala hakuambiwa habari zake, na neno "Baba" alipolitamka pale karakana alilitamka taratibu, kama mtu anayevaa shati jipya na kuogopa kulikunja. Mke wa Fundi, yule yule wa kumfinya binti, baada ya mwezi alikuwa akimpakulia nyama kubwa kuliko ya mumewe.

Kisha Kitinda akashika mimba. Fundi Springi akashona kigodoro kidogo cha kitanda cha mtoto, pembe zake kazizungushia uzi mara mbili, akakikalia mwenyewe kuona kama hakina uvimbe mpaka mkewe akampigia kelele. Mtoto akazaliwa kimya. Alikuwa wa kiume, amekamilika kila kiungo, ila pumzi. Wanaume wawili, mzee na mkwe, ndio waliokwenda kumzika, na kurudi walirudi kwa miguu bila kusemezana. Kigodoro kilipandishwa darini.

Baada ya hapo ndoa ile haikuvunjika kwa kelele. Hapakuwa na ugomvi wala mtu wa tatu. Kitinda na mumewe walikaa nyumba moja kama watu wawili wanaongoja basi tofauti, hata siku moja Kitinda akarudi kwao na sanduku, akasema, "Mama, hatugombani. Ndiyo shida yenyewe."

Jumamosi ya kwanza baada ya talaka, Fundi Springi aliweka ubao kwa mazoea tu, hakumtarajia mtu. Kitinda alikuwa amekwisha pata chumba chake upande wa pili wa mji. Mara akaona kivuli mlangoni.

"Nimepita tu kusalimia," Mpima alisema. Hakuvuka kizingiti.

"Unasalimia kwa mbali kama unaogopa mbwa? Ingia. Ukae hapo, ila angalia, gundi haijakauka."

Akaingia. Na tangu siku hiyo akawa anaingia.

*

Jumatano moja Kitinda alikuja karakana peke yake, amevaa gauni pana. Fundi Springi alikuwa amepiga magoti, misumari mdomoni, anavuta kitambaa chini ya kiti. Alipoinua macho hakuhitaji kuambiwa. Akaitema misumari mkononi.

"Miezi mingapi?"

"Imeshaingia sita, Baba. Niliogopa kusema mapema."

Mzee alisimama kwa kushika kochi, akamshika binti yake kichwani kama alivyomshika alipokuwa mdogo. Kitinda alimwacha, kisha akasema, "Daktari hataki nikae peke yangu miezi hii ya mwisho. Mume wangu anasafiri sana kufuata mzigo wa vigae. Nataka nije kwa Mama."

"Hapa ni kwenu. Unaniomba ruhusa ya nini?"

"Jumamosi, Baba."

Fundi aliishika nyundo, akaiweka, akaishika tena.

"Simchukii," Kitinda alisema. "Laiti ningemchukia. Nikimwona yeye namwona yule mtoto. Macho aliyotoka nayo wodini siku ile anayo mpaka leo. Siwezi kumbeba huyu nikitazamwa na macho yale. Naogopa, Baba. Niite mjinga, lakini naogopa."

"Hakuna aliyekuita mjinga."

"Na akizaliwa salama nitakuwa nakuja naye, akujue babu yake. Sitaki kuja kwetu nikichungulia dirishani nione nani yumo." Akafuta uso kwa kiganja. "Na kile kigodoro usikishushe. Huyu mtengenezee kingine."

Jioni Fundi alimfuata mkewe jikoni, akasimama akizungukazunguka kama paka aliyepoteza mlango. Mkewe hakugeuka.

"Usinitazame mimi," alisema. "Nani alimwambia aingie, aangalie gundi? Uliyemzoesha ni wewe, utakayemwambia ni wewe."

"Wewe unampenda yule kijana kuliko wanao."

"Nampenda. Na nitaugua kwa ajili yake. Lakini mwenye tumbo ni binti yangu." Akaufunika mchuzi kwa kishindo. "Lisilobudi hutendwa, mume wangu. Usiniongezee."

*

Jumamosi ikafika. Fundi Springi alikuwa amejipangia kulisema jambo pale pale mlangoni, kavu kavu, kama anayeng'oa plasta. Mpima akatokea, akavua kofia, akatoa shikamoo yake. Lakini la kulia hakuuliza. Mzee akaitikia, na maneno yake yote yakarudi tumboni.

"Ngoja nilete chai," alisema.

Chai siku zote ililetwa na mama. Leo aliileta mwenyewe, imemwagika nusu kwenye sinia, akamsogezea kijana biskuti zote. Akajiambia atasema baada ya chai. Chai ikaisha. Akajiambia hawezi kumwambia mtu habari kama hiyo kete zimeshapangwa, ni kama kumwamsha aliyelala. Atasema mchezo ukimalizika.

Na kwa kuwa hivyo ndivyo alivyoamua, Fundi Springi, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alicheza polepole. Malkia alimtuliza ndani. Kila askari alimtazama kwanza mara mbili kabla ya kumsogeza, akipiga hesabu kwa kunong'ona, kidole hewani. Hakuwa akitafuta kushinda. Alikuwa akitafuta kuchelewa. Barabarani watoto walipita na mpira, muuza maji akapita na kengele yake, na wao bado wamekaa, mzee kwenye stuli, Mpima kwenye kochi la rangi ya damu ya mzee lililokuwa linangoja mguu wa nne na kuegemezwa kwa tofali.

"Leo umecheza vizuri, Baba," Mpima alisema katikati.

"Bado hujaona kitu."

Lakini uwezo ni uwezo. Farasi wa mzee akanaswa. Malkia, pamoja na utulivu wake wote, akabadilishwa na malkia mwenzake. Askari wakaliwa mmoja mmoja, na mwishowe mfalme wa Fundi Springi akabaki pekee, amesukumwa mpaka mstari wa mwisho wa ubao, na mbele yake ngome moja ya Mpima imemzibia njia ya kutoka. Ngome ya pili ilikuwa mbali, nafasi wazi kabisa. Ilitakiwa kushuka tu mpaka kwenye ule mstari wa mfalme, na kazi imekwisha. Mtoto wa darasa la kwanza angeiona.

Mpima akaisogeza ngome ile pembeni, nyumba moja.

Mzee akamsogeza mfalme kulia.

Mpima akairudisha ngome pale ilipotoka.

Mzee akamrudisha mfalme kushoto.

Wakaenda hivyo, pembeni na kurudi, kulia na kushoto. Mwanzoni Fundi alidhani kijana amepitiwa, kazi ya jua inachosha. Kisha akamtazama mkono. Mkono ule haukuwa umepitiwa. Uliinua ile ngome kwa uangalifu, ukaiweka katikati ya nyumba yake, ukaiachia taratibu. Miaka yote hii kijana huyu hakumwonea huruma hata siku moja, wala siku mzee alipokuwa na homa.

"Mbona humalizi?" mzee aliuliza.

Mpima akaisogeza tena pembeni.

"Ishushe hiyo ngome. Hata mimi naiona."

"Naiona, Baba."

"Basi?"

"Nikiishusha utaniambia."

Fundi Springi akatazama mikono yake mwenyewe, yenye gundi kwenye kucha.

"Nilimwona," Mpima alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ile anayotumia kueleza mpaka wa kiwanja. "Juzi nilikuwa napima kando ya kliniki. Akavuka barabara, amejishika mgongo kwa mkono mmoja, vile vile anavyojishika. Nikainama kwenye darubini mpaka akapita. Vijana wangu wananiuliza, bosi, tuandike ngapi? Sikuwa napima kitu." Akavuta pumzi. "Nikajua ikifika Jumamosi utakuwa na neno. Nilikaribia kutokuja. Halafu umeleta chai mwenyewe. Umenipa biskuti zote."

"Mwanangu..."

"Nimefurahi, Baba. Usidhani sijafurahi. Nimemwombea hapo hapo barabarani."

"Najua."

"Anataka nisije."

"Anakuja kukaa hapa mpaka ajifungue. Anaogopa." Mzee alitafuta maneno mengine, laini zaidi, hakuyapata. "Usije tena, mwanangu."

Maneno mawili, *usije* na *mwanangu*, aliyasikia yakitoka kinywani mwake yameshikana, akaona jinsi yasivyofaa kukaa pamoja.

Mpima alitikisa kichwa kukubali. Kisha akauliza, "Mpaka ajifungue?"

Hapo Fundi Springi angeweza kusema ndiyo. Ndiyo moja tu, na kijana angeondoka na kitu mkononi. Midomo ilikwisha kuifinyanga. Lakini alimtazama yule mtu, aliyemfunga mara mbili kabla chai haijapoa, akashindwa.

"Hapana," alisema. "Hata baadaye. Mtoto atakuwa anakuja kwa babu yake. Hawezi kuja kwao akichungulia dirishani. Damu yangu ni ile, mwanangu. Nifanye nini?"

"Hakuna cha kufanya."

"Wewe hukukosa kitu."

"Najua, Baba. Hata yeye hakukosa."

Mpima akainyanyua ngome ya mbali, akaishusha mpaka kwenye mstari wa mfalme, ikatua bila sauti. "Mfalme," alisema, kama walivyozoea kutangaza. Mzee akautazama ubao kana kwamba labda pana njia. Kisha akamlaza mfalme wake ubavu.

Walipeana mikono juu ya ubao. Kijana alikuwa wa kwanza kuachia, kwa sababu mzee hakuwa akiachia.

Mama akatoka jikoni na bakuli lenye mfuniko, amelifunga kwa kitambaa, macho yamevimba. Akamtia mikononi. "Kuna wali na maharage. Ule leo leo, usilaze. Na bakuli langu utanirudishia Jumamo..."

Wote watatu wakalitazama bakuli.

"Kaa nalo," alisema. "Kaa nalo tu, mwanangu, ninayo mengine." Akageuka kuingia ndani upesi, bega likagonga mwimo wa mlango.

Mpima alivaa kofia, akashika njia. Fundi Springi hakusimama mlangoni kumsindikiza kwa macho. Alikaa pale pale na kuanza kurudisha kete kwenye kisanduku, na kila alipoweka moja ilimtoka vidoleni, mpaka akaacha.

*

Kitinda alijifungua salama, mtoto wa kike, mwenye sauti ya kugombeza wodi nzima. Fundi Springi alilia hadharani, mbele ya wakunga, hakujali. Tusiseme uongo kwamba furaha yake ilikuwa na doa. Siku ile haikuwa na doa. Alimpakata mjukuu wake akamwambia mambo ya kipuuzi yote anayoyajua.

Jumamosi nyumba ilijaa. Mwuza vigae alikuja na maziwa na matunda, akakaa ukingoni mwa kiti, na kwa kuwa alikuwa mtu mwema, akauliza watu baba mkwe anapenda nini. Akaambiwa. Akajifunza sataranji kwenye simu kwa siri, na alasiri moja akasema, kwa haya, "Baba, nasikia unacheza. Tujaribu?"

Mzee hakuwa na sababu ya kukataa. Wakapanga kete. Yule bwana alicheza kwa heshima kubwa. Mzee alipoacha ngome yake wazi, hakuila. Alipokosea, alikosea naye. Mwishowe akamwacha malkia wake njiani, peupe, akatazama pembeni kama mtu aliyeacha mlango wazi ili mgeni apite. Fundi Springi akamla malkia, kisha akamfunga mfalme, na mwuza vigae akapiga makofi.

"Umeniweza, Baba!"

"Nimekuweza," mzee alisema. Akainuka, akaenda uani, akafungua bomba akanawa uso, akanawa tena. Aliporudi alipendekeza wacheze karata.

Na Mpima walionana mara moja tu. Fundi alikuwa amekwenda kuchukua sponji, akakuta barabara imechimbwa, na upande wa pili, kwenye kiwanja kitupu, kijana ameinama kwenye darubini yake ya miguu mitatu. Walionana kwa pamoja. Mpima akaja mpaka kwenye mtaro, akavua kofia.

"Shikamoo, mzee."

*Mzee*, kama anavyoitwa kila mwenye mvi barabarani. Hakulisema kwa uchungu. Ilionekana alilifanyia mazoezi ili lisimkwaze.

"Marahaba. Kazi inaendaje?"

"Inaendelea. Mvua ndiyo inatusumbua. Mama hajambo?"

"Hajambo. Mgongo tu."

"Na mtoto?"

"Hajambo. Analia sana."

"Alhamdulillahi," Mpima alisema, na uso wake ukang'aa kweli, kisha ukazima. "Wacha alie."

Mzee aliipanga sponji begani upya, ingawa haikuwa imeteleza. "Siku hizi unacheza na nani?"

"Sichezi."

"Kwa nini? Uwezo unao. Tafuta wa kiwango chako, uache kujichosha na vibonde kama mimi."

"Sikuwa nakuja kwa ajili ya mchezo," Mpima alisema.

Vijana wake wakamwita kutoka kwenye kiwanja. Akasema anakuja. Hakuna aliyemkaribisha mwenzake popote. Fundi Springi alisema, "Haya, Mungu akuweke," naye akasema, "Amina," na kila mmoja akageuka na njia yake, mtaro kati yao.

Nyumbani alimkuta mkewe uani, ungo magotini, anapembua mchele, mjukuu amelala kwenye mkeka kando yake. Akatua sponji chini taratibu asimwamshe.

"Nimekutana na mwanao," alisema.

Mikono ya mkewe ikasimama juu ya ungo. Hakuuliza yupi, ingawa alikuwa na wana wawili.

"Amekonda?"

"Amekonda."

Mkewe aliinama, akaendelea kutoa mawe kwenye mchele, moja moja, na baada ya muda Fundi Springi akavuta kigoda akakaa karibu naye, wakapembua pamoja.